Nilivyopiga Debe Msibani

Niliondolewa kwenye grupu la WhatsApp la watu wa Mombo siku ya Jumanne, saa tatu usiku, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye kitanda cha hosteli Dar es Salaam, nasubiri watu waanze kusoma insha yangu. Nilikuwa nafungua simu kila baada ya dakika mbili. Mara ya tatu au ya nne nikakuta sehemu ya kuandikia imepotea, na mahali pake pana sentensi fupi ya kijivu: siwezi kutuma ujumbe hapa kwa sababu mimi si mwanachama tena.

Nilidhani mtu amebonyeza vibaya. Nikampigia binamu yangu, hakupokea. Baadaye akanitumia picha ya skrini bila neno lolote, na ndipo nilipoona kilichokuwa juu ya ujumbe wangu. Saa mbili na dakika 41 admini alikuwa ametangaza kifo cha fundi baiskeli wa mtaa wetu, baba wa kijana niliyesoma naye shule ya msingi. Chini yake watu walikuwa wanamiminika. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni sana wafiwa. Tunazika lini? Jamani, aliugua nini? Kisha, saa mbili na dakika 58, katikati ya hayo yote, mimi: "Wapendwa wangu wa Mombo hamjambooo! Nimeandika kitu kipya kuhusu nyumbani. Bonyezeni linki msome, na mkishasoma wapeni na wengine!" Na emoji tatu za moto.

Ningependa kuwaambia kwamba niliona aibu palepale. Niliona aibu kama robo saa hivi, halafu hasira ikachukua nafasi. Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu lake. Kwa nini asifute ujumbe akaniacha mimi? Nikaweka stetasi ndefu kuhusu jamii isiyopenda kusoma. Watu tisa waliitazama. Wanne kati yao wamo kwenye grupu lile.

Lazima nieleze nilivyokuwa nafanya kazi, maana ilikuwa kazi kweli. Nasomea shahada ya umahiri ya fasihi ya Kiswahili, na pembeni naandika insha ambazo naziweka kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Mtu anayeandika insha kwa Kiswahili hana wakala, hana duka la vitabu linalomngoja, na mhariri akimjibu ndani ya miezi sita anamshukuru Mungu. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili nilikuwa na zoezi langu. Nilikuwa na magrupu 11 niliyoyaorodhesha kwenye simu: la darasa, la hosteli, la wahitimu wa sekondari, la waandishi chipukizi, mawili ya watu niliokutana nao kwenye semina nikasahau semina yenyewe ilihusu nini, na la Mombo. WhatsApp haikuruhusu kusambaza ujumbe kwa zaidi ya sehemu tano kwa mpigo, sheria iliyowekwa dunia nzima mwaka 2019 ili kupunguza uvumi, basi mimi nilikuwa nanakili na kubandika grupu moja baada ya jingine, nikibadilisha salamu tu. "Wasomi wenzangu." "Ndugu wa kalamu." "Wapendwa wangu wa Mombo." Halafu nakaa kuhesabu waliobonyeza. Siku nzuri walifika 40.

Grupu la Mombo lilikuwa hazina yangu. Lina watu zaidi ya 300, walioko nyumbani na waliotawanyika. Nilikuwa nimelinyamazisha. Ile sehemu inayokuuliza unyamazishe kwa saa nane, kwa wiki moja au daima, nilichagua daima, maana misiba ilikuwa mingi na sauti za simu zilinichosha darasani. Niliingia nilipokuwa na linki, nikatoka.

Lakini sikuanza hivyo. Nilijifunza kusoma vitu virefu kwenye simu ya dada yangu, nikiwa sekondari, kupitia JamiiForums, ile iliyoanzishwa mwaka 2006. Kulikuwa na watu wenye majina ya bandia ambao walikuwa wanaandika simulizi vipande vipande, na wasomaji wanalia chini yake: mkuu, tupe muendelezo. Nilikuwa na wivu na watu wale. Niliona simulizi tu. Sikuona kwamba yule anayedaiwa muendelezo alikuwa pia amekaa miaka humo ndani anajibu maswali ya watu kuhusu viwanja, magonjwa ya kuku na ndoa zao. Mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mtu wa blogu alitakiwa leseni ambayo kwa jumla ya ada ilifika zaidi ya shilingi milioni mbili, na Juni mwaka huo JamiiForums yenyewe ilisimama kwa muda. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi asiye na hata bando la wiki. Niliyoyachukua kutoka kipindi kile ni haya: usifungue duka lako, nenda walipo watu. Ushauri si mbaya. Nilisahau tu kwamba walipo watu pana wenyewe.

Nje ya nchi jambo hili limezungumzwa sana. Reddit waliwahi kuwa na mwongozo kwamba katika kila vitu kumi unavyoweka kwenye jumuiya, kisizidi kimoja kilicho chako mwenyewe. Niliusoma nikaona ni mambo ya Wazungu wenye muda. Na kichekesho ni kwamba tasnifu yangu inahusu kurasa za ushairi za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923. Mwaka mzima nimekuwa nikisoma washairi wanaoanza kwa kumsalimu mhariri na kumwomba nafasi, kisha wanajibizana: mmoja anauliza swali kwa beti, gazeti linatoka mara moja kwa mwezi, mwingine anajibu kutoka mji mwingine kabisa, wa tatu anawasuluhisha. Shaaban Robert wa kwetu Tanga alichapisha humo kabla hajawa jina la vitabuni. Nimeandika sura nzima kuhusu hilo. Nimeitumia hata istilahi "mshairi ndani ya mazungumzo". Halafu jioni nafunga kompyuta naenda kubandika linki kwenye magrupu 11.

Kama umewahi kusafiri kwa basi kati ya Dar es Salaam na Arusha, umepita kwetu, hata kama hukujua jina. Mombo iko chini ya Usambara, ukuta wa mlima umesimama upande mmoja, joto limekaa hapo chini, na barabara ya Lushoto inachepuka kwenda juu kupitia Soni. Basi likisimama madirisha yanazingirwa: korosho, mayai, maji, machungwa, na msimu wa mavuno ya milimani, plamsi na mafyulisi yaliyoshuka asubuhi kutoka Lushoto. Mkono mmojawapo ulioshika beseni chini ya dirisha lako, miaka 22 sasa, ni wa mama yangu.

Stendi ina wapiga debe, na Kiswahili kimetengeneza neno la kujisifu kutoka kwao: kujipigia debe. Nilipofikiri vizuri niliona neno hilo lina kasoro ndani yake. Mpiga debe hana basi. Anaita abiria wa gari la mtu mwingine, konda anampa chochote, gari linaondoka, yeye anabaki. Sijawahi kumwona mwenye basi amesimama mlangoni anapiga kelele kwamba basi lake ni zuri. Angefanya hivyo watu wangeshika mizigo yao wakatafuta jingine.

Na wauza matunda nao wana taratibu ambazo hazijaandikwa popote. Mteja akishaingiza mkono kwenye beseni la mwenzako, unafunga mdomo. Huinui lako juu ya kichwa cha mwenzako. Aliyewahi dirisha ni lake mpaka abiria aseme hataki. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja stendi nikiwa darasa la sita, mwenye sauti kubwa kuliko wote, aliyekuwa anauzia juu ya mabega ya watu. Kwa wiki mbili aliuza sana. Kisha siku moja alipungukiwa na chenji, akauliza huku na huku, noti ya elfu kumi mkononi, na hakuna mtu aliyemsikia. Basi likaondoka na plamsi zake ndani na hela ndani.

Haya yote nilikuwa nimeyaandika. Ndiyo ilikuwa insha yenyewe, ile niliyoitupa msibani: insha kuhusu mama yangu na stendi ya Mombo.

Wiki tano baada ya kuondolewa, bodaboda ilimgonga mama pale stendi, akavunjika mguu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi nilipata habari saa nane mchana, nilipotoka kwenye kikao cha kuwasilisha pendekezo la utafiti na kukuta simu za dada yangu zisizopokelewa. Saa nne! Watu 300 walikuwa wanajua. Aliyeko Mwanza alijua, aliyeko Muscat alijua. Wakati mimi natetea nadharia yangu mbele ya wahadhiri, mtu mwenye gari alikuwa ameshampeleka hospitali Korogwe, mwingine ameshatoa damu kwa tahadhari, na mchango ulikuwa umefika shilingi 412,000.

Jioni ile dada yangu alinisomea orodha ya waliochanga kwenye simu, kwa sababu nilimwomba. Alikuwa amechoka, anasoma haraka kama anayesoma risiti. Alipofika kwenye jina la mtoto wa fundi baiskeli, shilingi 10,000, hakusita wala nini, akaendelea na la chini yake. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri.

"Vipi?"

"Hapana. Endelea."

Baba yake alikuwa na wiki tano kaburini. Nilitaka kuandika asante. Nilifungua grupu, nikaikuta ile sentensi ya kijivu.

Nilipanda basi asubuhi iliyofuata. Mama alikuwa kitandani, mguu una plasta hadi gotini, na baada ya kuulizana hali na kulia kidogo niliona kuna jambo analizungukazunguka. Mwisho akasema jirani alimsomea ile insha yangu, kabla ya ajali, yote, kwa sauti, kwenye benchi la stendi, na wenzake wanasikiliza.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini pale uliposema plamsi za jana nazilaza chini, za leo naziweka juu."

Niliiona aya ile kichwani. Nilikuwa nimejivunia sana aya ile. Niliandika jinsi anavyozigeuza alfajiri kwa vidole viwili, ya jana chini, ya leo juu. Kwenye semina ya uandishi ningesema ndiyo inayoibeba insha.

"Mama, ilikuwa ni kuonyesha ustadi."

"Ustadi." Akatazama dirishani. "Sasa hapo umenisifu au umenichongea? Wote tunalaza. Lakini aliyeandikwa ni mimi. Yule wa korosho ananiita Mama Za-Jana-Chini mpaka leo." Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Afadhali mwalimu alikutoa. Ungeendelea kuituma kila wiki."

Miezi yote ile nilikuwa nawaza watu wa grupu kama abiria: wanapita, wananunua au hawanunui, basi linakwenda Arusha. Wao walikuwa ndio wenye mabeseni yaliyo pembeni ya beseni la mama. Insha yangu ingemfikia msomaji wa Nairobi bila kumgusa mtu. Kwenye grupu lile kila sentensi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jirani anayejua kusoma.

Admini mkuu ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la nne. Nilikwenda kwake siku ya tatu, jua likiwa limepungua makali. Nilimkuta barazani na simu mbili, moja inachajiwa, na kaunta buku kubwa lenye mistari iliyopigwa kwa rula.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti. Mama anaendeleaje? Kaa."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kuomba radhi kwa msiba ule, kisha nieleze kwa heshima umuhimu wa kuwaunga mkono vijana wa nyumbani wanaoandika. Nusu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilinikwama, kwa sababu alikuwa anafungua lile daftari. Michango yote imo mle: tarehe, jina, kiasi, cha nani. Kwa miaka sita. Mwisho wa daftari kuna kurasa nyingine, za maonyo, kwa mwandiko uleule wa ubaoni.

"Wewe umekaa kwenye grupu miezi 14," alisema, kidole kwenye mstari. "Umeandika mara 19. Mara 17 ni linki. Mara mbili umeandika 'Amina'."

Sikuwa na la kusema. Nilifikiria Reddit, kitu kimoja kati ya kumi, na mzee huyu ambaye sidhani kama amewahi kulisikia jina hilo amekaa Mombo na rula yake.

"Nilikuandikia pembeni mara mbili," aliendelea. "Hukujibu."

Nilikuwa nimeuona ujumbe wake. Niliona jina lake na maneno "Binti, naomba kukukumbusha" kwenye kioo, nikasema nitafungua baadaye.

"Kijana anayeuza viatu nimemwonya mara tano, yumo mpaka leo. Unajua kwa nini? Akituma viatu vyake leo, kesho ndiye anayechimba kaburi. Watu wanamtukana kidogo, maisha yanaendelea." Alifunga daftari. "Wewe nilikutoa ili utafute kujua kwa nini umetolewa. Nikasubiri. Wiki tano!"

Nadhani hapo alikosea kidogo, na bado nadhani hivyo. Kumtoa mtu bila kumwambia neno siku ile ni njia kali, na kama dada yangu asingekuwepo Mombo, sijui. Nilimwambia. Alitikisa kichwa, akasema huenda, akaniuliza kama natumia sukari kwenye chai.

Nikauliza nilichotaka kuuliza tangu mwanzo: nikiandika tena kitu kuhusu nyumbani, naruhusiwa kukiweka lini?

"Mwingine akikipenda atakileta."

Mpaka ninapoandika haya hakuna aliyekileta.

Alinirudisha jioni ileile, lakini kwa sharti. Alisema matangazo ya misiba yanaandikwa ovyo, watu wanakosea saa, wanasahau kusema mazishi ni Mombo au ni juu Lushoto, watu wanapanda mlima bure. Wewe umesoma Kiswahili mpaka umepitiliza, alisema, tuandikie. Yeye ananitumia sauti, mimi naiweka kwenye maandishi, yeye anaipandisha kwa jina lake. Nimeshaandika saba. Mistari minane au tisa kila moja: jina, ukoo, ni mzazi wa nani, amefia wapi, mwili unatoka wapi saa ngapi, sala wapi, kaburi wapi, mchango unapokelewa na nani. Hazina jina langu. Ndani ya saa moja zinasomwa na watu zaidi ya 200, idadi ambayo insha zangu hazijawahi kuiota.

Sijaacha kutuma linki. Magrupu 11 yamekuwa manne, na kwenye hayo manne najitahidi kusoma za wenzangu kwanza na kuwaambia kitu chenye maana, jambo ambalo linakula muda mbaya. Wiki nyingine sifiki hata kwenye yangu. Ile insha ya stendi bado iko kwenye ukurasa wangu. Aya ya plamsi nimeiondoa. Insha imepungukiwa, naliona pengo kila nikiipitia, na msomaji mmoja aliyeijua ile ya zamani aliniandikia kuuliza imekwenda wapi.

Jana usiku mwalimu alinitumia sauti ya dakika mbili. Bibi mmoja wa karibu na reli amefariki, anazikwa leo alasiri. Niliandika, nikapitia mara mbili, nikamrudishia. Baada ya dakika chache alijibu kwamba nimeweka ukoo wa baba yake na kuacha wa mama yake, na kwamba watu wa upande wa mama ndio watakaoshuka kutoka mlimani, hawatajua kama ni wao. Nikaongeza mstari. Akauliza kama nimeandika saa kumi au saa kumi na nusu. Nikatazama. Nilikuwa nimeandika saa kumi.

"Weka na nusu," akasema. "Gari la kutoka Soni linachelewa."